Chai Iliyopashwa Mara Tatu

Saa nane mchana nilimkuta mdogo wangu, kwake Tabata, amekaa ukingoni mwa kitanda na mtoto wa wiki tatu akinyonya. Juu ya stuli palikuwa na sahani ya wali na maharage iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na kikombe cha chai kilichoganda utando. "Dada, hiyo chai nimeipasha mara tatu," akasema. "Kila nikiishika, huyu anaamka." Tangu asubuhi alikuwa amekula kipande cha mkate tu. Chakula kilikuwepo. Mkono wa kukilia ndio haukuwepo.

Tupige hesabu. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Tukikadiria nusu saa kila mara, hizo ni saa 4 hadi 6 za kukaa umempakata, na hapo hujamcheulisha, hujambadilisha nepi, hujafua. Ugali unataka mkono wa kumega, samaki anataka wa kuchambua miiba. Mzazi huishia kula kinachoshikika: andazi, biskuti, mkate mkavu.

Na hapo mwili wake uko kazini. Mama anayenyonyesha mtoto mmoja hutoa kama mililita 750 za maziwa kwa siku, na kuyatengeneza kunadai takriban kalori 500 za ziada, hata baada ya kutoa mchango wa mafuta aliyojiwekea wakati wa ujauzito. Kiu nayo ina asili yake. Oksitosini, homoni inayosukuma maziwa yashuke, huandamana na kiu, na ndiyo maana wengi hukaukwa koo mtoto akianza tu kuvuta.

Mitaani tunaambiana kwamba mama asipokula maziwa hukauka. Mambo hayaendi hivyo. Katika kijiji cha Keneba, Gambia, watafiti waliwapa akina mama wanaonyonyesha chakula cha nyongeza cha kalori zaidi ya 700 kwa siku, na matokeo yaliyochapishwa miaka ya 1980 yakaonyesha kwamba maziwa hayakuongezeka. Kinachoamua wingi wake, kwa sehemu kubwa, ni titi kunyonywa mara kwa mara na kumalizwa. Mwili wa mama mwenye njaa humpa mtoto kwanza, kisha hujikata wenyewe: mafuta, halafu misuli. Mifupa huchangia hata kwa mama anayekula vizuri. Hupoteza kama asilimia 3 hadi 5 ya madini yake, kisha huyarudisha mtoto akiachishwa. Ila si kila kitu hulindwa. Vitamini A, baadhi ya vitamini za kundi B na madini ya joto hupungua kwenye maziwa mama akiwa na upungufu navyo.

Kwa hiyo mtoto anaongezeka uzito, mzani wa kliniki unawafurahisha wote, na mama anayeona kizunguzungu anaambiwa ni uchovu wa uzazi. Nionavyo, njaa ya mzazi inapuuzwa kwa sababu haionekani kwa mtoto.

Waliotutangulia waliiona. Siku arobaini mzazi hakuachwa peke yake, na chakula alicholetewa kinastahili kutazamwa upya: mtori wa Kilimanjaro, ndizi na nyama zilizochemshwa zikalainika na kupondwa, uji wa pilipili manga wa pwani, supu ya kuku. Vyote vinanyweka kikombeni kwa mkono mmoja. Kwamba pilipili manga husafisha tumbo la uzazi, hilo sayansi hailiungi mkono. Tumbo hujikaza na kujisafisha lenyewe, na kunyonyesha husaidia. Lakini kikombe cha uji kilichokuja bila kuombwa kina thamani yake.

Mtori una faida nyingine. Madini chuma ya nyama hufyonzwa vizuri kuliko ya maharage, na mzazi ametoka kupoteza damu. Chai inayonywewa pamoja na maharage huzuia madini hayo kufyonzwa, kwa hiyo ni afadhali ikae mbali na mlo, na nafasi yake ichukuliwe na chungwa. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa baada ya kujifungua usiviache kabatini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na akirudi kazini, hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Nani atampikia, haisemi. Na anayeuza nyanya gengeni hana hata hizo.

Mama yetu alikaa Tabata wiki mbili akarudi Moshi, na shemeji anaondoka saa kumi na moja alfajiri. Tukakubaliana kwamba kabla hajatoka ajaze chupa ya chai uji wenye karanga zilizosagwa, amenye mayai ya kuchemsha ya kuliwa ndani ya saa mbili, aweke ndizi mbivu na maji pale pale anaponyonyeshea mkewe. Mtoto akianza kunyonya, mama naye aanze kula, asisubiri mtoto alale. Uji upoe kwanza kikombeni, usije ukamwagikia mtoto ukiwa wa moto.

Wali ule niliumwaga. Ulipikwa asubuhi, na kwa joto la Dar es Salaam chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje zaidi ya saa mbili. Kwenye wali kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia kuchemshwa, na sumu wanayoitoa baadaye haiondoki kwa kupashwa.

Moyo ukienda mbio, pumzi ikikatika kwa kazi ndogo, au kizunguzungu kikiendelea, mzazi akapimwe damu bila kungoja kliniki ya siku ya 42. Vivyo hivyo hamu ya kula ikipotea pamoja na huzuni isiyokoma wiki mbili. Huenda ni sonona.

Jioni walikuja majirani wawili na nguo za mtoto, zote za njano. Nyuma yao akaingia mama mwenye nyumba na bakuli la mtori. Alinawa mikono, akampokea mtoto, akamweka begani. "Kula kwanza, mwanangu. Maneno baadaye." Mdogo wangu alilishika bakuli kwa mikono yote miwili. Chai hakuikumbuka tena.