Deni la Kuzimu Chuoni: Usimulizi Upya wa Wimbo wa Tam Lin na Kisa cha Wamara cha Wahaya

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uhusiano wa fasihi simulizi na riwaya hujikita mara nyingi katika kubainisha vipengele: methali, nyimbo na majazi yanayojitokeza ndani ya matini andishi. Usimulizi upya ni jambo tofauti. Hapa riwaya nzima hubeba kisa cha kale na kukihamishia katika mandhari mapya. Makala hii inafafanua jambo hilo kwa kutumia riwaya ya kifantasia ya Tam Lin (1991) ya Pamela Dean wa Marekani, kisha inailinganisha na kisa cha Wamara kinachosimuliwa na Wahaya wa Bukoba na Muleba, pamoja na riwaya ya Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Hoja inayotetewa ni kwamba kiini cha ulinganishi huu ni deni: nani anadaiwa, nani analipa, na nani anasimama kumzuia mlipaji asichukuliwe.

2.0 Kutoka Wimbo hadi Riwaya

Tam Lin ni wimbo wa masimulizi wa Uskoti, uliopewa namba 39 katika mkusanyiko wa Francis James Child. Msichana Janet anakwenda Carterhaugh, mahali walipokatazwa wasichana, anachuma waridi na kukutana na Tam Lin, binadamu aliyetekwa na malkia wa viumbe ambao Mswahili angewaita majini. Janet anapata mimba. Kila baada ya miaka 7 majini hao hulipa zaka kwa jehanamu, na Tam Lin anahofia kwamba zamu hii atatolewa yeye. Njia ya kumwokoa ni moja: Janet amshike usiku wa mkesha wa Watakatifu Wote, wala asimwachie hata anapogeuzwa nyoka, dubu, simba na chuma cha moto.

Dean anakihamishia kisa hiki katika Chuo cha Blackstock, chuo cha kubuni katika jimbo la Minnesota, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Janet Carter ni mwanafunzi wa fasihi na binti wa profesa. Tam Lin ni mwanafunzi Thomas Lane. Malkia ni Profesa Medeous, mkuu wa idara ya lugha na fasihi za Kiyunani na Kirumi. Sehemu kubwa ya riwaya ni maisha ya kawaida ya chuo: masomo, tamthiliya, urafiki na mapenzi. Fantasia inajificha katika dalili ndogondogo. Wanafunzi wawili, kwa mfano, wanaitwa Robin Armin na Nick Tooley, majina yanayorejelea waigizaji wa kundi la Shakespeare. Msomaji asiyeyafahamu majina hayo huipita dalili hiyo bila kushtuka.

Kwa mtazamo wa mwingilianomatini, mandhari ya chuo yana kazi mbili. Kwanza, yanaifanya elimu kuwa nyenzo ya utambuzi: anayekumbuka alichosoma ndiye anayeweza kuiona hatari. Pili, yanaliweka deni ndani ya taasisi. Mwenye kudai si jini wa msituni tena; ana ofisi, cheo na mamlaka juu ya wanafunzi, na kinacholipwa ni uhai wa mmoja wao.

3.0 Wamara na Deni Lililosahauliwa

Kuzimu kunakodai si jambo geni katika simulizi za Wahaya. Wamara, mtawala miongoni mwa Bachwezi, akiwa mawindoni pamoja na wenzake, anaingia kuzimu, katika milki ya Kintu. Kintu anawakirimu na kuwapa mifugo na mbegu, kwa sharti kwamba shukrani irudishwe. Wamara anasahau. Kintu anamtuma Rufu, yaani Kifo, na utawala wa Wamara unaishia katika maangamizi.

Visa hivi viwili vinafanana katika muundo: binadamu wanavuka mpaka, kuzimu kunadai, siku ya malipo inafika. Tofauti yake ni kubwa zaidi. Wamara analipa deni lake mwenyewe, lililotokana na kusahau fadhila. Tam Lin anatolewa kulipa deni la wengine. Aidha, katika kisa cha Wamara hakuna Janet. Hakuna mtu anayeshika na kukataa kuachia.

4.0 Chuo kisicho na Mshikaji

Rosa Mistika si usimulizi upya wa wimbo wowote wala si riwaya ya kifantasia. Hata hivyo, inaangazia upande wa pili wa hoja. Rosa, binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali na baba yake Zakaria, anafika chuo cha ualimu bila kuandaliwa kuukabili uhuru anaoukuta. Anapata mimba na kuitoa, na mwishowe anajiua. Janet naye anafikiria kuitoa mimba yake, lakini amezungukwa na marafiki, wazazi na muda wa kuamua. Rosa anabeba peke yake malipo ya malezi, ya wanaume na ya jamii.

Uzito wa jambo hili haukuishia mwaka 1971. Hadi Novemba 2021, msichana aliyepata mimba katika shule ya serikali nchini Tanzania hakuruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi. Msichana ndiye aliyetolewa. Mantiki hiyo ndiyo mantiki ya zaka: taasisi inahifadhi usafi wake kwa kumtoa mmoja.

5.0 Hitimisho

Ulinganishi huu unaonesha kwamba usimulizi upya unaofaulu hauhamishi wahusika na matukio pekee, bali unatafuta mahali ambapo deni la kale bado linadaiwa. M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya mwaka 1986 kuhusu enanga, alithibitisha kwamba Wahaya wana tendi zenye hadhi kamili ya kifasihi. Hazina ipo. Mwandishi wa Kiswahili atakayemleta Wamara chuoni hatakosa kuzimu wala Rufu. Kazi yake ngumu itakuwa kumuumba mhusika atakayeshika, na kueleza kwa nini wengine wote waliachia.