"TV ya bure" hulipwa na nani?

1/ Kwenye midahalo hakukosi mtu wa kusema "TV ni bure kwa wote." Ngojeni kwanza. Bure maana yake hulipi kila mwezi. Dishi na king'amuzi bado unanunua.

2/ Na hizo chaneli za setilaiti je? Nyingine huishi kwa matangazo, nyingine kwa pesa za dola: France 24 ni Ufaransa, CGTN ni Uchina. Anayelipa ana usemi.

3/ Januari 2018 serikali ilizima Citizen, NTV na KTN. Mahakama Kuu ikaamuru zirudishwe, amri ikapuuzwa kwa siku kadhaa. Chaneli za nje zilibaki, lakini habari za wadi yako hazikuwemo.

4/ Kwa hivyo wakiahidi TV ya bure, mimi huuliza: swichi atashika nani?