Kusi Lachoka

Jumatatu, baada ya sala ya alfajiri, nilisikia nyundo upande wa pwani. Haikuwa nyundo ya seremala wa milango, maana ile hugonga kwa haraka. Hii ilikuwa nyundo ya mti juu ya patasi, polepole, kishindo kimoja kimoja, na kila mtu wa Lamu aliyekulia karibu na maji aijua: kuna mtu atia kalafati. Na hakuna atiaye kalafati chombo chake ila ameona kuwa kusi lachoka.

Wageni watokao nchi za theluji hutucheka tukisema tuna baridi. Kwao nyuzi 20 na kitu ni joto la kuvulia koti. Lakini hawajalala katika nyumba ya mawe mwezi wa Julai, kuta zatoka jasho la chumvi, shuka zaanikwa siku mbili hazikauki, na bahari ya nje imechafuka hata mvuvi hathubutu kuvuka mwamba. Kipupwe chetu hakina barafu. Kina unyevu na sufuria nyepesi. Samaki huadimika, bei hupanda, na nyumba nyingi huishi kwa kunde na mchicha, pamoja na kipande cha papa mkavu kitiwacho ili mchuzi upate harufu tu.

Wazee wetu hawakuyangojea majira haya kwa kubahatisha. Mwezi mwandamo ni wa ibada, nao huzunguka majira yote, hivyo haumwambii mkulima wakati wa kupanda wala baharia wakati wa kutweka. Kwa kazi hizo walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha siku tano za gatha, halafu Siku ya Mwaka, ambayo wengine huiita Nairuzi, jina lililotoka Uajemi. Watu wa Makunduchi, Unguja, huisherehekea katikati ya Julai hata leo, na wanaume hupigana kwa migomba. Mimi ninachokumbuka zaidi ni jivu. Nyanya yangu alizima moto wa mafiga, akazoa jivu lote akalitupa, ndipo akawasha moto mpya. Sisi watoto tulikuwa tumekwisha pelekwa baharini kukoga, meno yakigongana. Wako maulamaa walioyakataza mambo hayo, na mimi si wa kuamua baina yao na nyanya yangu, nasema niliyoyaona.

Marehemu mke wangu alikuwa katika wachache walioendelea kuhesabu. Alihesabu kwa kaa la moto, katika ukuta wa jikoni nyuma ya mlango: kila siku nukta, na nukta zikitimia kumi, huzifuta kwa kidole akapiga mstari mrefu. Kusi likilegea alipaka ukuta wote chokaa na kuanza hesabu upya. Miaka thelathini nimepita mbele ya ukuta ule nikienda kudai chai, wala sikuusoma.

Alifariki mwezi wa Juni mwaka huu, kipupwe kikiingia. Mistari ni 32 na nukta nne.

Msomaji atanisamehe, maana nimezoea kuandika habari za vina na mizani, si za nyumbani kwangu. Lakini tangu Juni nimekuwa mwanafunzi wa mambo niliyoyadharau. Nimekalia mbuzi nikakuna nazi, na mara ya kwanza nilikuna na kidole. Nimejua kuwa tui la kwanza halitiwi mwanzo wa mapishi. Wiki hii nimepandisha magodoro ya sufi darini yapate jua, nikatoa vitabu vya babangu kasha zima, nikavifungua kimoja kimoja na kufuta kuvu kwa kitambaa kikavu. Viwili vimeliwa na mchwa hata jalada. Vilivyobaki vimenuka jua kwa mara ya kwanza tangu Aprili, na harufu ile, wallahi, ilinifanya nikae kitako pale darini nisiteremke upesi.

Kutoka juu nikakiona kile chombo. Nahodha ni jirani yangu, mtu wa miaka sabini na ushei. Alikuwa akisukumia pamba yenye mafuta baina ya mbao, mwanawe akikoroga deheni ya chokaa na shahamu. Mashine ya kuendeshea chombo wanayo, lakini petroli hununuliwa na upepo ni wa bure. Tangu Juni wanakula kwa daftari la dukani, na mwenye duka, ambaye wiki mbili zilizopita alikuwa hawaitikii salamu, amekuja mwenyewe kutazama kazi na kuwaletea majani ya chai. Hakusema kitu juu ya deni.

Nami jana nimelowesha chokaa. Ilikaa ndani ya ndoo tangu asubuhi hata alasiri, kila nikishika brashi nakumbuka kazi nyingine. Binti yangu alisema, “Baba, uache ukuta ule.” Nikamjibu kuwa mamako hakuuacha hata mwaka mmoja. Akanyamaza. Ndipo nikaanza upande wa dirishani, nikauzunguka mlango, na mistari 32 ikaingia chini ya chokaa pamoja na masizi.

Mjukuu wangu ana miaka saba. Alisimama mlangoni akauliza, “Babu, sasa tutajuaje ni lini?” Nikaona haya kumwambia sijui. Nikamtuma kwa nahodha. Akarudi mbio: “Asema leo ni siku ya pili ya mwongo wa nne, na asema tuchelewe kesho kuweka sufuria, anashusha chombo na maji ya kujaa.”

Chokaa ilikuwa bado mbichi. Tukangoja ikauke, nikampa kaa. Akapiga mistari mitatu, wa tatu umepinda, na nukta mbili.