Je, Wajua? Zamu ya Maji, Zamu ya Mawimbi

Je, wajua kwamba shaba iliyeyushwa katika Wadi Samad, jirani na Samad Ash-Shan nchini Omani, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita? Gerd Weisgerber na wenzake wa makumbusho ya madini ya Bochum, Ujerumani, walikifukua kijiji cha wayeyushaji pale Maysar. Shaba ingali kazini: antena ya bodi ndogo ya Wi-Fi mara nyingi ni mstari wa shaba tu, uliopindwapindwa ukingoni. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5 hivi, na robo yake yatosha.

Je, wajua bei ya kuitia redio kompyuta ndogo? Raspberry Pi Pico ilitoka Januari 2021 kwa dola 4, bila redio. Juni 2022 ikaja Pico W yenye Wi-Fi, kwa dola 6. Tofauti ilikuwa dola 2.

Gharama kubwa iko kwenye betri. Chipu ya ESP8266 ya kampuni ya Espressif, Shanghai, iliyowafungulia mafundi wengi mlango mwaka 2014, hula takriban miliampia 170 inaporusha mawimbi. Ikilala usingizi mzito hula mikroampia 20 tu, yaani mara 8,500 pungufu. Kwa hiyo anayetaka kupima kina cha maji ya falaji, mfereji wa jadi wa Omani, mbali na umeme hana budi kukifundisha kifaa kulala: kiamke, kipime, kiseme maneno machache, kilale tena. Programu inayosahau kuizima redio huimaliza betri hata kama hesabu zake zote ni sahihi.

Je, wajua kwamba mitende huzuia Wi-Fi? Majani yana maji, na maji hunyonya mawimbi. Masafa ya chini ya gigahezi 1 hupenya shamba vizuri zaidi. Ndiyo yatumiwayo na LoRa, teknolojia iliyozaliwa Grenoble, Ufaransa, katika kampuni ya Cycleo iliyonunuliwa na Semtech mwaka 2012. Hufika kilomita kadhaa kwa umeme kidogo. Picha haiziwezi, lakini kina cha maji ni tarakimu chache.

Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaji tano za Omani katika Urithi wa Dunia, na takriban 3,000 zingali zinatiririka nchini. Ninachokistaajabia zaidi ni namna ya kugawana. Mfereji ni mmoja, wenye haki ni wengi, basi kila mtu ana muda wake: athar moja ni kama nusu saa, iliyopimwa kijadi mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Mtandao wa simu wa GSM hugawa kwa kanuni hiyohiyo: katika masafa mamoja mna zamu 8, kila moja ya mikrosekunde 577.

Kule Kyuso, Kitui, nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walificha kifaa cha GSM ndani ya mipini ya pampu za mkono. Kilihisi mpini ukipanda na kushuka, kikatuma SMS. Pampu ikinyamaza, fundi anajua. Katika majaribio ya 2013, muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Kwa mama anayebeba ndoo, hizo ni wiki tatu na zaidi za kuteka maji karibu na nyumbani.

Na je, wajua kwamba ulikuwepo mtandao usio na zamu kabisa? ALOHAnet, aliyoianzisha Norman Abramson na wenzake Hawaii mwaka 1971, iliruhusu kila kituo kutuma kikitaka. Ujumbe ukigongana na mwingine, kila kituo husubiri kidogo, kwa muda wa kubahatisha, kisha hurudia. Vifaa vingi vya LoRa hurusha kwa mtindo huo hadi leo. Ndiyo maana vihisi vingi vya shamba moja havifai kuamka kwa sekunde ileile: fundi makini hukipa kila kimoja ucheleweshaji wake wa kubahatisha.