Yakuti: Kutoka Bonde la Umba hadi Anga za Zuhura

Mtae ni kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara Magharibi, wilayani Lushoto. Ukisimama pale unaiona nyika ya Mkomazi chini yako mpaka macho yachoke. Mto Umba huanzia katika milima hiyo, upande wa msitu wa Shagayu, ukashuka nyikani, ukavuka mpaka na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga, Kenya. Katika bonde lake, tangu miaka ya 1960, watu wanachimba na kuchekecha changarawe wakitafuta garneti na yakuti.

Yakuti za Umba zimejipatia jina kwa wauza vito kwa sababu hazina nidhamu ya rangi. Kwingine watu hujivunia buluu au nyekundu. Umba inatoa za zambarau, za kijani, za njano, za rangi ya chungwa, na zile za ajabu ambazo mchana zina ukijani na usiku, chini ya balbu ya waya, zinageuka zambarau. Kromi kidogo huleta wekundu, chuma na titani huleta buluu, vanadi huleta kigeugeu hicho. Ukiuondoa uchafu huo wote, kinachobaki hakina rangi hata kidogo: ni alumini na oksijeni tu, atomu mbili kwa tatu, zilizoshikana barabara. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs yakuti ina 9, almasi 10. Haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 2,000 za Selsiasi.

Lakini alumini na oksijeni vimejaa kila mahali ardhini. Kwa nini basi yakuti ni adimu? Kwa sababu ya silika, kiini cha mchanga na cha miamba mingi. Silika ikiwepo, alumini hujiunga nayo na kuwa feldspa au mika, na yakuti haipati nafasi. Ni lazima silika iondolewe kwanza. Huko Umba iliondolewa chini kabisa ya ardhi: mishipa ya mwamba uitwao pegmatiti ilipenya ndani ya serpentini, mwamba wenye njaa ya silika, nao ukainyonya. Alumini iliyobaki bila mwenza ikawa yakuti.

Cha kupendeza ni kwamba juu milimani, Magamba, jirani na mji wa Lushoto, kazi hiyo hiyo imefanywa na mvua. Maji ya miaka isiyohesabika yamepita katika miamba ya Usambara, yakaosha silika na kuacha udongo mzito wa alumini. Huo ndio boksiti, malighafi ambayo ulimwengu mzima huitegemea kupata alumini. Bonde lina kito, mlima una udongo, na silika imevikimbia vyote viwili.

Sasa twende Zuhura. Tarehe 9 Desemba 1978, vyombo vinne vya upimaji vya Marekani, vya safari ya Pioneer Venus, vilitumbukia katika hewa ya sayari hiyo. Huko mawingu ni ya asidi ya salfuriki. Chini, joto hufika kama nyuzi 460, risasi inayeyuka, na kanieneo ni takriban mara 90 ya lile la hapa kwetu. Mitambo ilifungiwa ndani ya matufe ya titani. Ila mtambo wa kupima mwanga hauwezi kufungiwa gizani; unahitaji dirisha, na dirisha ndipo mahali dhaifu pa kila chombo. Katika chombo kikubwa kuliko vyote, madirisha hayo yalitengenezwa kwa yakuti, isipokuwa moja, la kipimamionzi cha infraredi, lililohitaji kupitisha mionzi ambayo yakuti huizuia. Hilo lilikuwa la almasi.

Hapa ndipo dalali wa vito na mhandisi wa anga wanapoachana. Jiwe la Umba linauzwa kwa ajili ya uchafu wake. Dirisha la anga linataka usiwepo, maana kila atomu ya chuma au kromi hunyonya sehemu ya mwanga uliofuatwa mbali kiasi hicho. Basi yakuti ya viwandani haitoki mgodini. Mfaransa Auguste Verneuil alieleza mwaka 1902 namna ya kuotesha mawe ya aina hii kwa kuyeyusha unga wa alumini oksidi katika mwali wa gesi. Mwaka 1926 Spyro Kyropoulos akaleta njia ya kuikuza fuwele taratibu ndani ya chungu cha kimiminika cha moto, na leo fuwele moja hupita kilo 200. Unga wenyewe asili yake ni boksiti. Kwa hiyo kama kuna jiwe la Lushoto lenye sifa ya kwenda angani, mimi ningeutazama udongo wa Magamba kabla ya vito vya Umba.

Yakuti hiyo pia hukatwa mabamba membamba ya kubebea saketi za silikoni. Haipitishi umeme, kwa hiyo chaji zinazozuliwa na mionzi ya anga hazipati pa kutambaa.

Mirihi ina adui mwingine, vumbi. Curiosity, kigari kilichotua huko Agosti 2012, kina kamera mwishoni mwa mkono wake ambayo lenzi zake zimekingwa na dirisha la yakuti. Magurudumu yake sita ni ya alumini, na mwaka uliofuata yalikwisha kuanza kutobolewa na mawe makali, waongozaji wakalazimika kuchagua njia. Yakuti isingefaa hapo licha ya ugumu wake wote: alumini hubonyea na kutoboka, yakuti ingepasuka vipande. Perseverance, kigari kingine kilichotua Februari 2021, kilipewa magurudumu ya ngozi nene zaidi, nayo ni ya alumini vilevile.