Liwali anatoka, shamba linabaki



Tunapopita ku vijiji vya kandokando ya Lubumbashi, Kipushi na Kasenga, kuna neno moja linalorudi kila mara wakati wa kupumzika: wakati wa Moïse, mulimo ilikuwa na mwenyewe. Wengine wanakataa, wanasema ilikuwa kelele tu. Mabishano yanakuwa makali mpaka watu wanasahau kama tulikuja kuongea juu ya mbegu.

Gazeti letu halifanyi siasa. Lakini swali lenyewe ni la mulimo, na linagusa mufuko wa kila mumoja wetu: mukubwa akitoka, ni nini inabaki ku shamba?

Moïse Katumbi alichaguliwa na bunge la jimbo kuwa liwali wa Katanga mwanzoni mwa mwaka wa 2007. Aliacha kazi ile mwezi wa 9 mwaka wa 2015. Mwaka ule ule Katanga yenyewe iligawanywa majimbo ine: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika.

Alikuta jimbo lenye shaba na kobalti, lakini bukari ya kila siku ilitegemea sana Zambia. Malori yaliingia Kasumbalesa na muhindi na bunga, mengine yakatoka na madini. Tuko na mvua kuanzia mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 3, tuko na udongo, na bado tunanunua chakula kwa jirani.

Njo maana serikali ya jimbo ilitoa amri: kila kompani kubwa ya madini ilime hekta 500. Fikra ilikuwa wazi, wenye trakta na makuta wasaidie kulisha watu. Alikataza pia kupeleka madini mabichi inje, ili kazi ya kuyasafisha ifanyike hapa. Na barabara ya Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ilitengenezwa.

Tusikatae mazuri. Mulimo uliingia ku meza ya wakubwa, pale ambapo zamani waliongea shaba tu. Na kila mulimaji anajua faida ya barabara: gunia linafika sokoni mbele halijaoza, na mwenye lori hawezi kukata bei anavyotaka.

Lakini kama agronome, tunaona pia pahali pa uzaifu. Shamba la kompani linafuata bei ya shaba. Mwaka wa 2008 tani moja ya shaba ilipita dola 8.000 ku soko ya dunia; mwisho wa mwaka ule ule ilianguka karibu na dola 3.000. Kompani inayotafuta namna ya kulipa wafanyakazi wake haiwezi kufikiria kwanza mbolea ya muhindi. Kazi yake ni kuchimba. Tena hekta 500 za kompani si hekta 500 za koperative. Mavuno yakiwa mazuri ao mabaya, mulimaji wa pembeni anabaki na jembe lake, bila depo na bila mukopo.

Jaribu lilikuja upesi. Mwaka wa 2016, kisha jua kali la kusini mwa Afrika, Zambia ilifunga njia ya muhindi. Bei ya bunga Lubumbashi ikapanda mpaka nyumba nyingi zikapunguza sahani. Nyakati zile zile viwavi-jeshi vikaingia katika mashamba yetu. Hatusemi ni kosa la mutu mumoja. Tunasema hivi: kitu kinachosimama juu ya amri ya mukubwa kinaweza kulala siku anapotoka.

Sasa muangalie muhindi wa Unilu. Ni mbegu iliyotoka Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na iko na jina lake. Maliwali walipita, mbegu ikabaki. Juu ya nini? Juu si hibridi. Mulimaji anaweza kujichagulia mbegu ku shamba lake na kupanda tena. Muchague katikati ya shamba, mita 200 ao zaidi mbali na muhindi wa namna ingine. Muweke alama ku miti yenye nguvu ingali imesimama, musingoje kuchagua ku fungu. Mukaushe vizuri mbele ya kuweka. Kisha misimu mitatu, murudishe mbegu safi kutoka INERA ya Kipopo ao kwa muzalishaji anayekaguliwa na SENASEM.

Sheria nayo inabaki. Sheria ya mulimo ya tarehe 24 mwezi wa 12 mwaka wa 2011 haikutoka na liwali yeyote. Na tangu inchi yetu iliingia OHADA mwaka wa 2012, watu watano tu wanaweza kuunda koperative ndogo inayotambulika, yenye haki ya kuuza, kukopa na kujitetea.

Lakini tusiongee maliwali peke yao. Liwali anapewa miaka mitano, na anaweza kuongezewa mara moja tu. Na prezidenti wa koperative yenu, ni mwaka wake wa ngapi? Tulifika siku moja mu koperative moja (hatutaji jina) ambayo prezidenti wake alihamia muji. Alienda na kitabu cha hesabu, ufunguo wa depo na namba ya simu ya munuzi. Si mwizi, hakuna aliyefikiria kumuuliza. Muhindi wa wamemba ukalala miezi, fukusi wakakula. Wamama waliotegemea makuta ile kwa shule ya watoto, walilipa wao.

Na sisi wenyewe wa mradi tutatoka siku moja. Njo maana, mbele ya mvua kuanza, tunaomba kila koperative ifanye mukutano na kujibu maulizo haya:

– Ni nani, zaidi ya prezidenti, anayeweza kusoma kitabu cha hesabu mbele ya wamemba?
– Ufunguo wa depo uko kwa watu wangapi?
– Ni shamba gani limetengwa kwa mbegu, na ni nani analichunga?
– Karatasi za koperative zinaandika jimbo jipya, ao bado Katanga?

Mukipata jibu kwa maulizo yote, muko na urizi mikononi. Mukikosa hata moja, muanze na hilo.

Mulimo muzuri kwenu nyote.