Kabati Lililokataa Kuondoka

Siku moja kabla ya Pasaka, wavulana wanne wa mwaka wa sita waliitwa kuhamisha kabati kubwa la sakristia. Waliweka mabega yao, wakasukuma. Kabati halikutikisika. Wakasukuma zaidi; bado. Ndipo mkubwa wao akasema: «Haya, wote pamoja!» Wakasukuma kwa nguvu zao zote, na ghafula kabati likaondoka mbio kuliko walivyotaka, hata mmoja wao akaanguka magoti chini. Toka hapo mpaka ukutani walilisukuma kwa kazi ndogo tu.

Yule aliyeanguka akaniuliza: «Furere, mbona lilikuwa zito, halafu likawa jepesi?»

Ulizo lake lilikuwa zuri. Kabati halikupungua uzito hata kidogo. Kilichobadilika ni msuguano. Watoto, kila mara vitu viwili vinapogusana, na kimoja kikitaka kupita juu ya kingine, kuna nguvu inayokizuia. Nguvu hiyo ndiyo msuguano. Nayo ni ya namna mbili. Kitu kikiwa kingali kimetulia, kinashikwa na msuguano wa kutulia. Kikisha kuondoka na kuburutwa, kinazuiwa na msuguano wa kuteleza. Kwa kawaida, ule wa kwanza unaweza kushika kwa nguvu kuliko wa pili.

Tena msuguano wa kutulia una tabia moja ya ajabu: haukai katika kipimo kimoja, bali unajibu kadiri unavyosukumwa. Tuseme kabati lile linahitaji nguvu ya kilo 40 ili liondoke. Ukilisukuma kwa nguvu ya kilo 5, msuguano unakurudishia 5. Ukisukuma kwa 30, unakurudishia 30, wala kabati haliendi mbele wala nyuma. Lakini una mwisho wake. Ukipita 40, kabati linaachia. Sasa linazuiwa na msuguano wa kuteleza tu, ambao labda ni kilo 30, na wale wavulana bado wanasukuma kwa nguvu ya kilo 41! Kilo zile 11 zilizozidi ndizo zilizomwangusha mwenzenu.

Kwa nini iwe hivyo? Pitisha kidole juu ya ubao uliopigwa randa vizuri. Unaona ni laini. Lakini ukiutazama kwa darubini ya vitu vidogo utaona milima na mabonde, kama nchi ya Kivu. Kabati halikai juu ya sakafu yote iliyo chini yake. Linakaa juu ya ncha chache za milima hiyo midogo, na mahali ncha zinapokutana, zinashikamana. Kitu kikitulia, ncha zinapata nafasi ya kushikana sawasawa. Kikiwa katika mwendo, zinagusana na kuachana upesi, hazipati nafasi hiyo.

Jaribuni wenyewe. Chukueni tofali, mlifunge kwa ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa kinga, mlivute polepole juu ya ubao. Mpira utarefuka, utarefuka, kisha tofali litaondoka na mpira utakuwa mfupi kidogo. Pimeni urefu wote wawili kwa rula. Halafu wekeni tofali la pili juu ya lile la kwanza: mtahitaji nguvu karibu mara mbili. Mwishowe lisimamisheni tofali moja kwa ubavu wake mwembamba. Wengi watasema litavutika kwa urahisi, kwa kuwa linagusa mahali padogo. Sivyo; nguvu ni karibu ile ile. Mfaransa Guillaume Amontons aliyaandika mambo hayo mwaka 1699, na wengine hawakutaka kumsadiki. Mfaransa mwingine, Charles-Augustin de Coulomb, alijaribu kwa miti, vyuma na kamba katika karakana za merikebu za Rochefort. Yeye alionyesha kwamba kuondosha kitu na kukiendesha ni mambo mawili, na mwaka 1781 akapewa tuzo kwa kazi hiyo.

Msidhani msuguano ni adui. Pasipo huo, msumari ungetoka katika ubao, fundo la kamba lingefunguka, na wewe usingeweza kupiga hatua moja. Mungu alituwekea msaada huu chini ya nyayo, nasi hatuukumbuki mpaka siku ya potopoto.

Sasa tutazame gurudumu. Gurudumu linalozunguka vema haliburutwi juu ya njia. Sehemu yake inayogusa chini inatulia hapo kwa nukta moja, kisha inainuka, na sehemu nyingine inashuka mahali pake, kama nyayo za mtu anayetembea. Kwa hiyo gurudumu linaloviringika linashika njia kwa msuguano wa kutulia, ule wenye nguvu. Likifungwa na freni hata lisizunguke tena, linaburutwa, na linabaki na msuguano wa kuteleza tu.

Watu wa chukudu wanalijua jambo hili kwa miguu yao. Chukudu ni chombo cha mti chenye magurudumu mawili, ambacho watu wa Kivu ya Kaskazini hubebea viazi, makala na mbao. Kutoka Kibumba njia inateremka kuelekea Goma, na mzigo ni mzito. Freni yake ni kipande cha mpira wa gari, ambacho mwendeshaji anakikanyaga juu ya gurudumu la nyuma.

Nilimwona kijana mmoja akiteremka hivyo baada ya mvua. Mbuzi akakatiza njia. Kijana aliogopa, akakanyaga freni kwa uzito wake wote. Gurudumu la nyuma likafungwa, likaanza kuteleza, nyuma ya chukudu ikageuka upande, na magunia yote ya makala yakamwagika mtaroni. Yeye alichubuka goti, lakini makala yaliyolowa yalikuwa mali ya mama yake, na karo ya wadogo zake ilikuwa humo. Nilimsaidia kuokota.

Mzee mmoja wa chukudu alisimama kutusaidia. Hakumgombeza. Alimwonyesha tu mguu wake: kukanyaga kidogo, kuachia, kukanyaga tena, kuanzia juu ya kilima kabla mwendo haujawa mkali, huku akisikiliza gurudumu. Kisha akapanda chombo chake, akateremka mbele yetu kwa mzigo mkubwa kuliko wa kijana, mguu wake ukiinuka na kushuka, na gurudumu la nyuma halikuacha kuzunguka hata mara moja.